Hombre al agua: historia fupi ya maneno ya dharura baharini, kutoka Ras Bofu

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, na sababu ni kazi moja ndogo niliyoidhania ya jioni moja, ikanila mwezi mzima.

Kijana mmoja wa hapa Bofu, Likoni, mtoto wa jirani, alipata kazi kwenye meli ya Wahispania inayovua jodari. Alikuja barazani baada ya magharibi, akaketi, akaniambia: "Mjomba, wewe si ndiye mtu wa kompyuta? Niandikie programu ya simu inifundishe Kihispania cha hatari. Cha kuombea chai nitajifunza hukohuko."

Nikacheka, nikakubali. Usiku ule nikakusanya sentensi mia mbili, nikazipanga kwa herufi, nikatia sauti. Asubuhi nikaifungua mwenyewe na kujiuliza: mtu ameanguka majini, huyu kijana atafute chini ya "M" ya mtu, "A" ya anguka au "B" ya bahari? Programu yangu ilikuwa nzuri kwa mtu aliyeketi kitini. Kwa mtu mwenye nusu dakika haikuwa na maana yoyote.

Basi nikafanya kile ambacho sisi waandika programu hatukifanyi mara nyingi. Niliacha kuandika msimbo, nikaanza kusoma jinsi watu waliotutangulia walivyolitatua tatizo hilohilo. Haya ndiyo niliyoyakuta.

Kelele za mwaka 1498

Tuanze hapahapa nyumbani. Vasco da Gama alitia nanga nje ya Mombasa tarehe 7 Aprili 1498. Kwenye meli zake alikuwa na watu waliojua Kiarabu, na marubani wawili aliowachukua Msumbiji. Kireno, Kiswahili, Kiarabu: lugha za biashara zilikuwapo. Lugha ya dharura haikuwapo.

Siku tatu baadaye waling'oa nanga ili waingie bandarini. Meli kubwa haikugeuka kama ilivyotakiwa, ikaigonga ile iliyokuwa nyuma yake. Nanga zikatupwa tena kwa haraka. Wenyeji waliokuwa melini wakashuka kwenye mashua yao, na wale marubani wawili wakajitosa baharini. Wareno wakaamini kwamba palikuwa na njama na kwamba marubani wamekimbia kwa kuwa imegunduliwa. Usiku ule wakawatesa watu wawili kwa mafuta ya moto ili waseme.

Sina nia ya kuamua kesi ya zaidi ya miaka mia tano. Lakini hebu fikiria hali yenyewe: chombo kimegonga kingine, mabaharia wanapiga kelele na kukimbilia kamba, na wewe husikii hata neno moja unaloelewa. Huwezi kujua kama wanapigia kelele chombo au wanakupigia wewe. Penye ukimya wa maana, hofu hujaza nafasi.

Maneno waliyotuachia

Wareno walikaa. Ngome ya Yesu ilianza kujengwa mwaka 1593, na hapa pana jambo ambalo wengi hulisahau: tangu 1580 hadi 1640 Ureno na Uhispania zilikuwa chini ya mfalme mmoja. Kwa hiyo mfalme aliyeamuru ngome ile ijengwe ni Felipe wa Pili wa Uhispania. Kijana wa Bofu anayejifunza Kihispania leo si wa kwanza ng'ambo hii kuwa na haja na watu wa taji lile.

Kireno na Kihispania ni ndugu wa karibu, na Kiswahili kiliazima kutoka Kireno maneno mengi ya chomboni na nyumbani. Bendera ni *bandera* kwa Kihispania. Bomba la kutolea maji ngamani ni *bomba* vilevile. Boya ni *boya*, herufi kwa herufi. Nilipomwonyesha kijana akafurahi: "Kumbe nusu nakijua!"

Nikamwambia asifurahi mapema, maana urithi huu una mitego. Chukua hii minne:

- *Moto* kwa Kihispania ni pikipiki. Ukipiga kelele "Moto! Moto!" kwenye chumba cha injini, Mhispania atajiuliza pikipiki imefikaje baharini. Moto ni *fuego*.
- *Para!* ni amri ya kusimamisha. Mtu anayelia "Para!" wakati winchi inazunguka na mkono wa mwenzako umenaswa hakwambii upare samaki.
- *Panga* ndilo jina wanaloita ile mashua ya nguvu inayoshika ncha ya wavu. Ukisikia panga linateremshwa, usitafute la kukatia, toka njiani.
- *Vía de agua* ni maji yanayoingia kupitia tundu au ufa. Kwa kuwa Wahispania hutamka V kama B, masikioni mwetu inasikika "bia". Si bia.

Neno usilolijua hukufanya uulize. Neno unalodhani unalijua hukufanya utende, na ukakosea kwa kujiamini. Waandika programu wanaijua hali hii: kosa linalosimamisha programu ni afadhali kuliko lile linalotoa jibu baya kimyakimya.

Kamusi ya amri, 1811

Bahari yetu ya Hindi iliwahi kupata kitabu cha tatizo hili. Mwaka 1811, huko Calcutta, Thomas Roebuck alichapisha kamusi ya Kiingereza na Kihindustani ya mambo ya meli. Maofisa wa Kiingereza waliongoza mabaharia wa Kiasia walioitwa laskari, na amri za melini zilikuwa mchanganyiko wa Kihindustani, Kiajemi, Kiarabu na Kireno. Baharia yeyote wa pwani anayemjua nahodha na serahangi anaujua ukoo huo.

Angalieni ni nani aliyetakiwa kujifunza. Kamusi ile ilimfundisha ofisa lugha ya kamba ya watu wake. Haikusubiri laskari mia moja wajifunze Kiingereza. Siku hizi mambo yamegeuka, mzigo wa lugha uko juu ya mwenye cheo kidogo zaidi. Nalisema hili ili msione kwamba ni jambo la asili. Ni uamuzi wa watu, na uliwahi kuamuliwa vingine.

Faili la tafsiri lililotangulia kompyuta

Sasa tunafika mahali palipofanya moyo wangu wa fundi uchangamke.

Mwaka 1857 serikali ya Uingereza ilitoa kitabu cha ishara za bendera kwa meli za biashara. Bendera 18 tu, lakini kwa kuzipanga pamoja uliweza kutuma ujumbe zaidi ya 70,000. Wazo likakua, na mwaka 1965 shirika la bahari la Umoja wa Mataifa likapitisha Mfumo wa Kimataifa wa Ishara tunaoutumia hadi leo, ulioanza kazi mwaka 1969. Ulichapishwa kwa lugha tisa: Kiingereza, Kifaransa, Kiitaliano, Kijerumani, Kijapani, Kihispania, Kinorwe, Kirusi na Kigiriki.

Siri yake ni hii. Hakuna anayetuma sentensi. Unatuma ufunguo, na kila mtu anafungua maana katika kitabu cha lugha yake. Bendera ya herufi O: mtu ameanguka baharini. V: nahitaji msaada. W: nahitaji msaada wa daktari. N juu ya C: niko hatarini, nataka msaada mara moja. Ufunguo ukianzia na M na kuwa na herufi tatu, ni mambo ya tiba: MAA maana yake naomba ushauri wa haraka wa daktari.

Kama umewahi kutafsiri programu yoyote ya kompyuta, umeshalitambua umbo hili. Msimbo unabeba ufunguo, na pembeni kuna faili moja kwa kila lugha. Mnorwe na Mgiriki wanaelewana bila hata mmoja kujua salamu ya mwenzake. Kiswahili hakimo katika zile tisa, ingawa hakuna kinachozuia mtu kukaa chini na kuandika faili la kumi.

Herufi tatu, neno moja

Redio ilipokuja, kitabu kikawa kizito. Mtu anayezama hana muda wa kufungua kurasa. Mkutano wa Berlin wa 1906 ukachagua SOS, ulioanza kutumika rasmi mwaka 1908. Si kifupi cha maneno yoyote. Ilichaguliwa kwa sababu nukta tatu, vistari vitatu, nukta tatu ni rahisi kupiga na vigumu kuchanganya na kitu kingine.

Redio ya sauti ikahitaji neno la kutamka. Frederick Mockford, ofisa wa redio katika uwanja wa ndege wa Croydon, London, akapendekeza katika miaka ya 1920 neno "Mayday", linalotokana na Kifaransa cha "nisaidieni". Ndege nyingi za pale zilikwenda na kurudi Paris, kwa hiyo lilifaa pande zote mbili. Mkutano wa Washington wa 1927 ukalipitisha. Linasemwa mara tatu, lisidhaniwe ni neno lililopita tu katika mazungumzo.

Mwaka 1990: neno ambalo halikusemwa

Tarehe 25 Januari 1990 ndege ya Avianca namba 52 kutoka Colombia ilikuwa inazungushwa angani karibu na New York kwa sababu ya hali mbaya ya hewa na msongamano. Mafuta yalikuwa yanakwisha. Rubani mkuu hakuwa na Kiingereza cha kutosha, akamtegemea msaidizi wake azungumze na waongozaji. Kwa Kihispania, ndani ya ndege, alimwambia awaarifu kwamba wako katika dharura. Msaidizi akawaambia kwa Kiingereza kwamba mafuta yanawaishia. Mapema kidogo walikuwa wameomba kipaumbele. Neno "dharura" halikuvuka, wala "Mayday" haikutamkwa.

Kwa waongozaji, ndege kuwa na mafuta kidogo ilikuwa habari ya kila siku. Dharura ingewalazimu kuwaondoa wengine wote njiani. Injini zikazima moja baada ya nyingine, ndege ikaanguka Long Island. Watu 158 walikuwemo na 73 walikufa.

Watu wale walikuwa na sentensi sahihi kisarufi. Kilichokosekana ni neno moja lenye nguvu ya kisheria.

Miezi mitatu haijatimia, tarehe 7 Aprili 1990, meli ya abiria Scandinavian Star ikashika moto kati ya Norwe na Denmark. Watu 159 walikufa. Wengi wa mabaharia wake walikuwa Wareno walioajiriwa muda mfupi kabla, na hawakuwa na lugha moja na abiria. Moshi, vijia vigeni, na anayekuelekeza humwelewi.

Misiba ya namna hii ndiyo iliyosukuma shirika la bahari kupitisha, Novemba 2001, orodha ya misemo sanifu ya mawasiliano baharini kwa Kiingereza. Nimeisoma yote na inanikumbusha lugha za kompyuta. Kwa tukio moja, msemo mmoja. Maneno ya mashaka kama "huenda" yanaepukwa. Kabla ya ujumbe unaweza kutangaza aina yake: onyo, swali, ombi, amri, na kadhalika, aina nane. Tangu 1999 meli kubwa pia zina kitufe chekundu cha redio kinachotuma namba ya chombo na mahali kilipo bila mtu kusema neno. Ujumbe wa eneo letu huweza kufika kituo cha uokoaji cha Mombasa kilichofunguliwa mwaka 2006.

Sitaha ya wavuvi

Nilidhani hapo tumemaliza, kumbe bado. Misemo ile ya Kiingereza inawafaa zaidi maofisa wa meli za mizigo na abiria, wanaozungumza meli kwa meli au meli kwa nchi kavu. Kijana wetu hatashika redio. Atakuwa sitahani, na sitahani huzungumzwa lugha ya mkubwa wa kazi.

Wahispania wanavua jodari katika Bahari ya Hindi tangu miaka ya 1980, na Victoria, Shelisheli, ndiyo kituo chao kikubwa. Wanatumia wavu wa kuzungushia: panga inashika ncha moja, meli inazunguka kundi la samaki, kisha kamba za chini zinavutwa kwa winchi mpaka wavu ufunge kama mfuko. Ni kazi ya kamba zilizokaza, minyororo na kelele za injini.

Na hatari si za kamba tu. Aprili 2008 meli ya Kihispania Playa de Bakio ilitekwa na maharamia pwani ya Somalia ikiwa na watu 26, nusu yao Waafrika. Tarehe 2 Oktoba 2009 ikatekwa Alakrana yenye watu 36, Wahispania 16 na wengine kutoka nchi kama Ghana, Senegal, Madagaska na Shelisheli. Waliachiwa tarehe 17 Novemba. Mwaka 2010, meli ya Kikorea Golden Wave ilitekwa upande wa Lamu ikiwa na watu 43, na 39 kati yao walikuwa Wakenya. Kwa hiyo vijana wetu kukumbwa na dharura katika meli ya lugha ngeni si hadithi ya kufikirika.

Programu ilivyobaki

Nikazifuta sentensi 188. Zilizobaki ni hizi kumi na mbili, na matamshi kama sisi tungeyaandika:

1. ¡Hombre al agua! (ombre al agwa): mtu kaanguka majini
2. ¡Fuego! (fwego): moto unawaka
3. ¡Vía de agua! (bia de agwa): maji yanaingia chomboni
4. ¡Socorro! (sokorro): niokoeni
5. ¡Para! (para): simamisha
6. ¡Cuidado! (kwidado): jihadhari
7. ¡Agáchate! (agáchate, mkazo kwenye "ga"): inama
8. ¡Abandonen el buque! (abandonen el buke): ihameni meli
9. Chaleco (chaleko): jaketi la kuokolea
10. No respira (no respira): hapumui
11. Sangra mucho (sangra mucho): anavuja damu nyingi
12. No entiendo (no entyendo): sielewi

Irabu za Kihispania ni tano, karibu sawa na zetu, kwa hiyo Mswahili anasikika vizuri kuliko Mwingereza. Hiyo ni bahati, tuitumie.

Ile ya kumi na mbili nilibishana nayo. Kijana alisema inamwaibisha. Nikamsimulia Avianca. Akainyamazia, ikabaki.

Halafu nikaifuta programu yenyewe. Kwenye maji na mafuta ya samaki, simu ni ya nani? Nilichapa maneno kwenye karatasi ngumu, nikaipigisha plastiki, na mafunzo tukayafanya kwa mdomo. Tulikwenda Ras Bofu jioni, pale panapotazamana na Liwatoni, tukajaribu kusikizana mita thelathini huku upepo ukivuma. Neno lisilosikika likajaribiwa upya. Huo ndio ulikuwa upimaji wa programu, na ni bora kuliko mwingi nilioufanya ofisini.

Na maneno yakitosha?

Kuna jambo linanizuia kujisifu. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka asubuhi karibu na ufuo, mkondo huuhuu, mwendo mfupi kutoka hapa. Watu 272 walikufa. Waliokuwemo na waliokuwa nchi kavu walisikilizana vizuri sana. Hakuna aliyekosa neno la kuomba msaada. Kilichokosekana ni nafasi ndani ya chombo, vifaa vya kuokolea na watu wa kuokoa kwa wakati.

Kwa hiyo nilimwongezea kijana maagizo ambayo hayana lugha. Siku ya kwanza, kabla hujaweka begi, tafuta jaketi lako liko wapi. Lijaribu. Hesabu hatua kutoka kitandani hadi nje, kisha zihesabu tena umefumba macho. Neno *chaleco* halielei.

Wazee wetu walisema, hata ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Juma lililopita alisafiri. Mamake, ambaye alisikia mazoezi yetu mwezi mzima kupitia dirishani, alimsindikiza mpaka mlangoni. Badala ya buriani akamwuliza kwa sauti kali: "Mtu kaanguka majini?"

"Ombre al agwa, mama."

"Hujaelewa?"

Kijana akatazama chini, kisha akamjibu: "No entyendo."

"Basi nenda, mwanangu. Na useme kwa nguvu."

Mwenye kuyajua maneno ya Kikorea au Kichina ya hali hizihizi aniletee, kuna mabaharia wengi Likoni wanaoyahitaji. Tuonane tena majuma yajayo.